Aje Mvua Zikianza

Jumamosi, tarehe 4

Mvua imeanza leo saa nane mchana, nikiwa naanua nguo. Nilisimama nazo uani mpaka zikalowa upya, halafu nikazipeleka ndani nikazitandaza kwenye viti. Sikukasirika. Tangu mume wangu afariki, miezi mitano sasa, sikasiriki wala sifurahi, na chakula nakula kwa kuangalia saa. Jirani yangu Nesi anasema ni majonzi. Wifi yangu anasema nimekuwa gogo. Nadhani wifi ndiye amepatia.

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya mvua hiyo. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilifungua daftari la kazi la marehemu. Alikuwa fundi umeme, na kurasa zake zimejaa urefu wa nyaya na idadi ya soketi. Katikati ya hesabu hizo kuna barua aliyoianza asiimalize. Haina jina la anayeandikiwa. Nainakili hapa nisije nikalazimika kulifungua tena lile daftari lake:

"Nimeshamwambia aje akae kwetu mvua zikianza. Mke wangu bado sijamwambia, sijui atanionaje. Lakini nampenda na siwezi kumwacha peke yake tena. Naomba unielewe."

Basi, ndiyo hiyo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mtoto hatukujaliwa, kwa hiyo hata sababu ninaijua. Sijamwonyesha mtu. Na sasa mvua zimeanza, na huyo mwanamke atapiga hodi siku yoyote. Sijui nitamwambia nini. Labda nitamkaribisha tu ndani, tukae wajane wawili.

Jumapili, tarehe 5

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Jumanne, tarehe 7

Naandika kazini, saa ya chakula. Mimi ni fundi miwani. Daktari wa macho yuko chumba cha mbele, anapima, ananiandikia namba. Mimi nyuma nakata vioo, navipachika kwenye fremu na kukaza skrubu ambazo ukizidondosha umezidondosha. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuongea.

Wifi alipita asubuhi, amening'iniza futi yake ya ushonaji shingoni kama kawaida. Ni dada mkubwa wa marehemu, na tangu msiba amejipa kazi ya kunisukumasukuma.

"Jumamosi unakuja kusoma," alisema.

"Kusoma nini?"

"Riwaya. Tunasoma kwa Dobi, watu wanne. Ya zamani, ya mapenzi na vitisho."

"Mimi sitaki mapenzi wala vitisho."

"Ndiyo maana unakuja. Wifi, utaoza humo ndani."

Nilikubali ili aondoke.

Alhamisi, tarehe 9

Mvua mchana kutwa. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, tarehe 11

Nimekwenda. Wanakutana saa kumi katika chumba cha kupigia pasi cha Dobi, maana kuna joto na mashati ya watu yaliyotundikwa yanazuia kelele za barabarani. Dobi mwenyewe anasikiliza huku anapiga pasi. Yupo Nesi, yupo wifi, na yupo Mwalimu, mstaafu, mwenye kitabu. Miwani ya Mwalimu imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Nilimnyang'anya kabla hata ya salamu, nikaitengeneza hapohapo kwa bisibisi ya mkobani huku namgombeza. Akasema, "Huyu anafaa, abaki."

Kitabu kiko kimoja tu. Ni tafsiri ya zamani sana, haina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakuna anayejua jina lake, wala la mwandishi, wala la mfasiri. Wao wanakiita Jumba. Kila mtu anasoma sura moja kwa sauti, na hakuna ruhusa kukipeleka nyumbani, kwa sababu Nesi aliwahi kuchungulia mbele akaja kuropoka. Sasa Dobi anakifungia kwenye droo ya vifungo.

Hadithi yenyewe: binti maskini ameolewa na bwana mwenye jumba kubwa juu ya kilima. Bwana huyo ni mpole, lakini kila jioni anapanda orofa ya juu na sahani ya chakula, anashuka na sahani tupu. Amemwambia mkewe, "Nyumba yote ni yako, isipokuwa chumba cha juu."

"Na yeye kakubali!" Dobi alisema. "Mimi mke wangu hata mfuko wa suruali siwezi kumkataza."

Walicheka. Nami nilicheka, nikajisikia ninavyocheka, sauti tu.

Jumanne, tarehe 14

Leo hodi ilipigwa, mvua ikinyesha, nikiwa bado sijavaa kwenda kazini. Nilikwenda mlangoni bila haraka. Nilifikiri, huyu hapa. Nikajaribu kuona kama naogopa au nina hasira, nikakuta hakuna kitu. Alikuwa msoma mita za maji. Alitaka pia kujua kama mzee wa nyumba yupo. Nilimwambia ametoka.

Sikudanganya kwa makusudi. Ni kwamba lile neno 'amefariki' sijawahi kulitamka. Siku ile walinisemea wengine, na hata baadaye kila nilipokwenda kulikuwa na mtu wa kunisemea.

Jumamosi, tarehe 18

Leo tumegombana kwa ajili ya watu ambao hawapo duniani.

Zamu ya kusoma ilikuwa ya Nesi. Binti wa kwenye Jumba amefungua meza ya mumewe akakuta barua. Inasema: "Nimempa chumba cha juu. Nampenda, lakini hawezi kuonekana na wageni. Wote wanaamini amekufa, na ni heri waendelee kuamini hivyo."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Niliiangalia. Ilitulia.

"Mke wa kwanza huyo," Nesi alisema. "Nilijua tangu ile sahani."

"Mke wa kwanza, au hawara," Dobi alisema. "Mwanamume hapandi ngazi kila jioni bure."

Mwalimu alisema labda ni dada yake mgonjwa. Walimzomea. Nikashangaa kusikia nami nasema, "Ni mwanamke. Hakuna haja ya kubahatisha. Mtu akiandika 'nampenda' na akamficha mkewe, ni mwanamke."

Wifi muda wote alikuwa anachomoa nyuzi kwenye pindo la gauni lake, fundi mzima anaharibu nguo yake mwenyewe. Ndipo akasema, kwa ukali ambao haukuwa wa hadithi:

"Yeyote awaye, afungiwe hukohuko. Watu walishaambiwa amekufa, walishalia, wakamaliza. Sasa anatoka ili iweje?"

"Wifi, ni kitabu," Dobi alisema.

"Najua ni kitabu."

Alichukua mwavuli wake akaondoka kabla chai haijaja.

Jumapili, tarehe 19

Nimeamka na wazo moja: wifi anajua. Ile "naomba unielewe" alikuwa anaandikiwa yeye. Ndugu yake alimwambia kuhusu mwanamke wake, naye akanyamaza, akaja msibani akanishika mabega, akanipikia, akaniita gogo, huku anajua.

Jambo hili lingepaswa kuniuma. Nimejibonyeza kwa fikra, kama mtu anayejaribu jino lililotiwa ganzi. Najua jino lipo.

Jumatano, tarehe 22

Mvua. Hakuna aliyekuja. Nimevunja vioo viwili vya mteja mmoja, Daktari ameagiza vingine. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, tarehe 25

Wifi hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana nguo za harusi. Zamu yake ya kusoma walinipa mimi. Binti amepanda ngazi usiku, ameweka sikio mlangoni, amesikia mtu anakohoa. Hapo Mwalimu akanikatiza.

"Mama, samahani. Unasoma kama karani anayeita namba kwenye foleni."

"Ndiyo sauti yangu."

"Sivyo. Ulipotengeneza miwani yangu ulinigombeza vizuri sana."

Nesi alimkanyaga mguu. Nilimaliza sura vilevile, namba kwa namba. Wakati wa kurudi Nesi alinisindikiza chini ya mwavuli wake, akaniuliza kama nimeshalia. Nilimwambia nitalia nikipata nafasi.

Jumatatu, tarehe 27

Mvua ya mawe, vipande vidogo. Nilidhani hodi.

Jumamosi, tarehe 1, mwezi mpya

Mlango wa chumba cha juu umefunguliwa leo.

Aliyesoma ni Mwalimu. Alisoma polepole, na Dobi aliweka pasi wima ili asikilize. Binti ameiba ufunguo, amefungua, na kwenye kiti karibu na dirisha ameketi mtu mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani. Ni baba wa yule bwana. Alipoteza akili, mwanawe akatangaza kifo chake ili arithi jumba, halafu akashindwa kumtupa kwa sababu anampenda.

"Kumbe ndevu!" Dobi alipiga kelele. "Mwezi mzima nampa huyu mzee wanja na hereni!"

Nesi alikasirika kweli. Alimlaumu mfasiri. Kurasa mia mbili anaandika "alikohoa", "alitembea", "anampenda", hata mara moja hasemi kama ni bibi au bwana. Mwalimu alivua miwani akacheka mpaka akalowa macho.

"Msimlaumu mfasiri," alisema. "Labda wenyewe huko walikuwa na maneno ya kutofautisha, au labda mwandishi alizungukazunguka kurasa zote hizo ili afiche. Sisi hatuhitaji hata kuzunguka. Ukisema 'anampenda' kwa Kiswahili umeshaficha, kaka wa watu, babu, mtoto, wote wamo. Hakuna aliyetudanganya. Kitabu kilisema 'mtu', sisi wenyewe tukamvalisha gauni."

Nilisimama. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma.

Jumapili, tarehe 2

Nimelifungua lile daftari lake. Nimeisoma barua mara nyingi, kwa sauti, jikoni. Nimeshamwambia aje. Nampenda. Siwezi kumwacha peke yake tena.

Hakuna mwanamke humo. Nimemtafuta neno kwa neno. Mwanamke nilimweka mimi, nikampa sura, nikampa hata umri, thelathini na mbili, na uzazi.

Anaweza kuwa mtoto. Anaweza kuwa rafiki mgonjwa. Na hilo "tena", ambalo sikuwahi kulitazama: siwezi kumwacha peke yake tena. Kwa hiyo aliwahi kumwacha. Nani?

Na kama si yule niliyemdhania, basi kuna mtu mahali fulani aliyeambiwa aje mvua zikianza. Mvua zina wiki nne. Leo, kwa mara ya kwanza, naogopa. Naandika hapa kama habari: naogopa.

Jumanne, tarehe 4

Niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa wifi. Alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio. Nilimwekea daftari juu ya kitambaa alichokuwa anashona.

Alisoma. Mguu wake ulisimama.

"Alikuwa anakuandikia wewe?" niliuliza.

"Mimi alishaniambia kwa mdomo. Nilimfukuza. Nadhani ndiyo akaona aandike."

"Nijibu kitu kimoja tu, wifi. Ni mwanamume au mwanamke?"

Alifunga daftari. "Ni mwanamke," alisema.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya nguo ya mtu. Nilifikiri, Mwalimu na Kiswahili chake, nilikuwa sawa tangu mwanzo. Nikasema, "Haya. Ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja. Ni mama yetu."

Nilimwambia mama yao alikufa, marehemu aliniambia hivyo hata kabla hajanioa, walilelewa na mama wa kambo. Wifi akacheka cheko baya.

"Hata mimi niliambiwa hivyo. Nilikuwa na miaka minane, yeye mitano. Mama alimchoka baba, akaondoka. Baba akaona heri awe na mke maiti kuliko mke aliyemwacha. Akatukalisha, akatuambia amekufa safarini. Nililia, wifi. Nililia mpaka nikaugua, wakanilaza hospitali. Halafu mwaka juzi mdogo wangu anakwenda kutengeneza umeme kwenye bweni la wanafunzi, anamkuta jikoni, mzima, anapika. Anakuja kwangu anafurahi! Nikamwambia mimi mama yangu nilishamlilia. Nani atanirudishia machozi yangu?"

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Nimeshamwacha peke yake kule jikoni, simwachi tena. Basi ataishi kwangu.' Nikamwambia mkeo hatakubali. Ndiyo maana akaogopa kukwambia. Ile hofu nilimtia mimi." Alifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Niliposikia kile kitabu kinasema 'wote wanaamini amekufa', nilitaka kukichoma kwa pasi ya Dobi."

Miezi mitano nilikuwa nimemchukia mume wangu. Sikujua kwamba ni chuki, kwa sababu ilikuwa haina joto. Nilidhani mimi ni gogo tu. Nimemwambia wifi hivyohivyo, naye akaniambia, "Na mimi nilikuangalia unavyokauka, nikanyamaza. Ningekwambia ningelazimika kwenda kumleta."

"Anajua kwamba mwanawe..."

Sikumalizia. Wifi alitikisa kichwa. "Nani angemwambia? Mimi?"

Jumatano, tarehe 5

Mvua. Nimefagia chumba cha vifaa vyake, nimetoa nyaya, nimeweka kitanda.

Jumamosi, tarehe 8

Leo ilikuwa siku ya sura ya mwisho ya Jumba. Hatukwenda. Tulipanda basi la saa mbili asubuhi, wifi dirishani, mimi pembeni yake, na kwa muda wa saa mbili na nusu nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja: Mama, mwanao amefariki. Nilikuwa naisema kimoyomoyo, na kila nikifika neno la mwisho naruka.

Bweni liko nyuma ya chuo. Jiko lina mlango wa bati, na ndani mwanamke mfupi, mwenye mikono ya marehemu kabisa, vidole vifupi na kucha pana, alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Alituona akasimama. Hakuuliza sisi ni nani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Karibuni."

Wifi alibaki mlangoni, nusu ndani, nusu mvuani. Mimi nilisogea mbele, nikafungua mdomo. "Mama, mwanao..."

Aliinua mkono. "Najua, mwanangu. Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Kumzika."

Alituambia kwamba walipomhitaji fundi kwa ajili ya taa za ukumbi, msimamizi wa bweni alipiga simu, akajibiwa kwamba fundi kesho anazikwa. Yeye akapanda basi la alfajiri. Akauliza nyumba, akaonyeshwa. Akasimama kwenye mstari na watu wengine.

"Nilikupa mkono," aliniambia. "Nikasema, 'Pole, mama.' Ukasema, 'Asante.'"

Nilimtafuta kichwani. Nilitafuta mkono huo wenye vidole vifupi, ambao ningepaswa kuutambua hata gizani. Hakuna. Siku ile nzima haimo kichwani mwangu.

Kisha akamgeukia wifi mlangoni. "Na wewe ulikuwa unagawa chai. Uliniuliza, 'Bibi, unaweka sukari?'"

Wifi alikaa chini palepale kizingitini, kwenye maji. Alitoa sauti ya mtoto, sijawahi kuisikia kwake. Mama alitaka kwenda, akasita, akakaa tena. Hakujua kama anaruhusiwa.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Kwa nini hukuniambia wewe ni nani?"

"Ningesema mimi nani? Aliyenijua ndiye tuliyekuwa tunamfukia. Aliniambia bado hajakwambia, nikamwambia sitakanyaga kwa mtu ambaye hajaniita mwenyewe. Mara moja niliondoka kwenye nyumba bila kuaga, siwezi kuingia nyingine bila kukaribishwa. Nikasema, akijua ataniita. Asipojua, basi."

"Mama," nilisema, "nimejua tangu mwezi wa kwanza kwamba kuna mtu anakuja. Nilidhani ni mke mwenzangu."

Aliniangalia, na ingawa macho yake yalikuwa yamejaa, alicheka kidogo. "Mimi? Kwa miguu hii?"

Nami nikacheka, na safari hii kicheko kilinikwama katikati, kikageuka. Sikujua kwamba kilio kinauma mbavu namna hiyo. Nilimwambia nimetandika kitanda, nimekuja kumwita. Akasema lazima kwanza amalize maharage ya wanafunzi, hawana kosa. Kwa hiyo tulikaa sote watatu kwenye lile sinia. Wifi aliketi upande wa mama, goti kwa goti, anatoa mawe.

Hapo ndipo nilipomwomba. Nilimwambia kwamba wengi walikuwepo siku ile, na mimi niliketi mbele kabisa, lakini sikuona kitu, na sijawahi kumuuliza mtu. Nikamwomba anisimulie mume wangu alivyozikwa.

Aliweka maharage chini. Akaanza mwanzo, walivyomtoa ndani, akina nani walibeba upande wa kichwani, mafundi wenzake walivyovua kofia, jua lilivyokuwa kali, nani alianguka, udongo ulikuwa wa rangi gani. Alikuwa ameangalia kila kitu. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikalia, kama mtu aliyeletewa habari leo kwamba mumewe amefariki.